Chupa ya Chini ya Kitanda

Hapana, haikuvunjika. Nani kakwambia ilivunjika? Watu wakisimulia habari za posa wanapenda vyombo vivunjike, ndiyo utamu wao. Chupa ilitoka chini ya kitanda nzima, ikawekwa mezani nzima, na mpaka leo ipo, inatiwa mafuta ya cherehani. Kilichotaka kuvunjika siku ile ni kingine kabisa, tena mbele ya wakwe, chakula kimeshaiva na watu wana njaa. Ngoja nikueleze taratibu. Usinikimbize.

Yule binti walimwita Sindano. Alikuwa fundi wa kushona, mwembamba, na ulimi wake nao ulikuwa unachoma ukiushika vibaya. Kijana wake walimwita Mnusaji, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya mvinyo kwenye hoteli kubwa, na pua yake haikujua likizo. Siku ya kwanza kuonana alipeleka suruali ya kazi ipunguzwe kiuno. Akachukua kitambaa kilichokuwa kwenye meza ya kushonea, akakinusa, akasema, "Hiki kilikaa karibu na mafuta ya taa."

Sindano akamwambia, "Kaka, umeleta suruali au umeleta pua?"

Wakacheka wote wawili mpaka uzi ukakatika kwenye mashine. Basi, ikawa ndiyo hivyo. Mapenzi mengine hayana maelezo marefu.

Sasa Mnusaji alipopata kazi kwenye hoteli ya mji mwingine, mbali, siku ya kuaga alimletea chupa moja ya mvinyo mwekundu. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa nta nyekundu, inang'aa.

"Mimi sinywi," Sindano akasema.

"Sikukuletea unywe. Nimekuletea uitunze. Siku watu wangu watakapokuja kwenu kusema neno, tutaifungua wote."

"Niiweke juu ya kabati, ionekane?"

"Usije ukaiweka juu ya kabati. Juu kuna joto. Ilaze chini, ubavuni, ili kizibo kiloane muda wote. Kizibo kikikauka kinasinyaa, hewa inaingia, na hewa ndiyo inayoua mvinyo. Na iwe gizani. Na usiitikisetikise."

"Kumbe ni mtoto mchanga."

"Mtoto mchanga analia akiwa na shida. Huu haulii. Unaharibika kimyakimya, wewe hujui."

Sindano akailaza chini ya kitanda chake, kwenye sakafu ya saruji, mahali pa baridi kuliko pote nyumbani. Ilikuwa inabingirika, basi baba yake, ambaye ni fundi seremala, akamchongea vipande viwili vya mbao vya kuiegemeza. Akachonga vizuri, na msasa akapiga, ingawa kazi yenyewe ni ya chini ya kitanda, nani ataona. Lakini alichonga huku ananung'unika. Baba yule hakuwa amewahi kugusa kileo maisha yake yote, na hakumtaka Mnusaji. "Mtu analipwa kunusa pombe," alikuwa akisema. "Leo ananusa. Kesho je?"

Sindano hakubishana naye. Usiku kabla ya kulala alikuwa anapeleka mkono chini ya kitanda, anapapasa shuka la zamani aliloifungia ile chupa, anaiacha. Hakuwasha taa, hakulifungua lile shuka, hakuitikisa chupa. Aliambiwa giza, akaipa giza. Mwenye duka la vitambaa akaja kumposa, mtu mzima, mpole, ana nyumba yake, akamkataa. Shangazi yake akamwambia anachezea bahati. Akasema, "Shangazi, ninayo chupa." Shangazi akamtazama kama mtu aliyepandwa na homa.

Haya. Siku ikafika. Mnusaji akarudi, na akaja na watu wake: mama yake, ambaye ni mkunga, mwanamke wa sauti ndogo lakini ikitoka inatosha; na mjomba wake, mtu mnene, mcheshi, ambaye toka alipovuka kizingiti alikuwa anatazama upande wa jikoni. Upande wa binti alikuwepo baba yake na shangazi. Mama yake Sindano alishafariki zamani, na shangazi ndiye aliyemlea, kwa hiyo alikuwa na mdomo wa mama na mdomo wa shangazi pamoja.

Maneno ya wazee yakaenda, yakarudi. Baba akajibu kwa mkato, kila jibu kama anapigilia msumari. Mjomba akasema, "Jamani, tukubaliane basi, maana hii harufu ya kuku inanitoa kwenye hoja." Watu wakacheka kidogo. Hata baba akataka kucheka, akajizuia.

Ndipo Mnusaji akasema, "Kabla ya kula, kuna chupa."

Sindano akainuka kuileta. Akalifungua lile shuka chumbani, akaja nayo mikononi, ameikumbatia. Akamkabidhi kijana wake. Vidole vyao vikagusana kwenye kioo, naye akamwinulia uso, akitaka yale macho aliyoyakosa muda wote ule.

Macho hayakuwa kwake. Mnusaji alikuwa anatazama mdomo wa chupa. Akaipitishia ile nta kidole gumba, taratibu, na nyusi zake zikasogea kidogo tu. Sindano akaliona hilo, akalimeza.

Nta ikabanduliwa. Mnusaji akatoa kizibuo chake cha kuzungusha, kikaingia. Kizibo kikatoka upesi mno, bila ile sauti yake, kama jino bovu. Mnusaji akamimina kidogo kwenye glasi, akaiinamisha juu ya kitambaa cheupe cha meza. Pembeni, pale mvinyo unapokuwa mwembamba, palitakiwa pawe na wekundu. Palikuwa na rangi ya chai iliyolala.

Akaingiza pua. Akatulia. Akainua kichwa, akaingiza pua tena, kama mtu anayesoma habari ya msiba mara ya pili akidhani hakusoma sawasawa.

"Vipi, mwanangu?" mjomba akauliza. "Umekolea?"

"Umekuwa siki."

"Siki, siki? Ya kwenye saladi?"

"Ndiyo, mjomba."

Shangazi akasema, "Si ulitwambia vitu hivi vikikaa ndiyo vinakuwa vizuri?"

"Vikikaa vimefungwa, shangazi." Mnusaji alikuwa amekishika kizibo, anakigeuza. "Huu ulifunguliwa. Si leo wala jana, zamani. Kizibo kina tundu la pili. Kilitolewa, kikarudishwa, nta ikayeyushwa juu yake."

Jikoni kifuniko cha sufuria kilikuwa kinacheza chenyewe kwa mvuke.

Mnusaji akamgeukia Sindano. Hakupaza sauti. Angepaza sauti ingekuwa nafuu.

"Uliifungua na nani?"

Ukisikia mtu kapigwa na butwaa, ndiyo ile. Sindano alisimama pale, mikono bado imekaa vilevile ilivyokuwa imeishika chupa, imekumbatia hewa.

"Unasemaje?" akauliza.

"Nauliza tu. Niliambiwa yule mwenye duka la vitambaa alikuwa anakuja hapa. Sikujali. Nikasema, mradi chupa ipo. Sasa naiona chupa."

Mama yake mkunga akasema kwa ile sauti ndogo, "Wewe. Maneno hayo hayasemwi mbele za watu."

"Ameshayasema, dada," shangazi akajibu, ameshasimama, kiti kimemfuata nyuma. "Yameshatoka. Binti yangu amekataa nyumba ya watu yenye bati na sakafu kwa ajili ya chupa ya huyu, leo anaulizwa kama mwizi wa kuku."

"Kuku ameguswa wapi hapa?" mjomba akanong'ona, na dada yake akamkanyaga mguu.

Sindano hakuwasikia. Alinyoosha kiganja. "Nipe hicho kizibo."

Mnusaji akampa. Akaenda nacho dirishani, kwenye mwanga. Sasa yeye ni mtu wa kushona, macho yake yamezoea tundu la sindano; kitu kidogo kikiwa na neno la kusema, yeye anakiona. Akakigeuza. Tundu la kwanza, lile la leo, lilikuwa la kuzunguka, la kizibuo. Lile la zamani lilikuwa limenyooka, lina mistari midogo pembeni iliyokatwa vizuri, kama tundu la skrubu kwenye mbao. Na chini, pale kizibo kinapovimba kikishatolewa, mpaka hakitaki tena kuingia kwenye chupa, palikuwa pamelainishwa. Pamelainishwa vizuri, mzunguko mzima, hakuna hata kibanzi kimoja kimesimama.

Pamepigwa msasa.

Nani duniani atapiga msasa kizibo cha chupa? Mwizi hapigi msasa. Mlevi hapigi msasa. Ni mtu mmoja tu, ambaye hata vipande vya mbao vya chini ya kitanda alivilainisha, kwa sababu mkono wake haujui kuacha kazi ina makovu.

Akageuza shingo polepole. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake, magoti pamoja, anatazama viganja vyake. Mtu ambaye toka asubuhi alikuwa anatafuta sababu ya kuwarudisha wageni kwao, sasa sababu imeletwa mezani, imemiminwa kwenye glasi, na yeye hasemi neno. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Hapo sasa. Jiweke wewe pale dirishani. Akisema, amejisafisha, lakini amemvua nguo baba yake mbele ya wakwe. Mzee anayeheshimika mtaa mzima kwa kutogusa kileo, aonekane aliingia chumbani kwa binti yake kufungua chupa ya mvinyo. Asiposema, jina linakwenda na maji, na huyu aliyemngojea anaondoka na kuku hajaliwa.

Sindano akakifumbata kizibo kwenye ngumi. Akakifumbata mpaka kucha zikauma.

"Niliifungua mwenyewe," akasema.

Shangazi akakaa chini ghafla. Mnusaji akawa kama amemwagiwa maji ya barafu mgongoni.

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Peke yangu. Nilitaka kujua kuna nini."

"Kwa nini hukuniambia? Tulikuwa tunazungumza kwenye simu kila mara."

"Hukuniuliza. Umeniuliza leo, na hukuniuliza kama niliifungua. Umeniuliza na nani."

Mama mkunga akafumba macho. Alikuwa amezalisha wanawake wengi, alijua mtu akibeba kitu kinachomzidi uzito sura yake inakuwaje.

Ndipo kiti cha baba kikalia. Alisimama kwa shida, kama aliyekuwa amekaa chini ya mzigo.

"Anadanganya," akasema. "Mwanangu hajui hata kuongopa, mnamwona shingo inavyomcheza. Ni mimi."

"Kaka," shangazi akasema, na neno jingine halikuja. Shangazi yule kukosa neno, ujue jambo ni zito.

"Baba, kaa tu," Sindano akasema.

"Sikai. Nimekaa vya kutosha." Akawageukia wageni, akamtazama mkunga, si kijana. "Mama, mimi baba yangu mzazi alikuwa seremala kama mimi, bora kuliko mimi. Akanywa. Akauza randa zake, akauza patasi, akauza mpaka ile meza ya kufanyia kazi. Niliapa pombe haitalala nyumbani kwangu. Halafu ikaja ikalala chini ya kitanda cha binti yangu, na vigoda vyake nikaichongea mimi. Kila usiku nilikuwa namsikia anaipapasa. Nikasema, siku moja akienda kupeleka nguo za watu, naimwaga. Atakuta haipo, atalia, yataisha."

"Ukaimwaga?" mjomba akauliza, ameinama mbele, kuku amemtoka kichwani.

"Nikaipeleka uani. Sina kile kidude cha kufungulia, nikatia skrubu, nikavuta kwa koleo. Ikafunguka. Nikainamisha kidogo, na ile harufu ikanipiga." Akatazama viganja vyake tena, kana kwamba harufu bado ipo pale. "Nikasikia mbao."

"Mbao?" Mnusaji akasema.

"Mbao. Ngumu, kavu, iliyobabuliwa moto kidogo kwa ndani. Baba yangu alikuwa akipinda mbao za mtumbwi kwa moto, ndiyo ile harufu. Nikasimama pale na chupa mkononi kama mjinga. Nikasema, mbao imeingiaje humu? Nikachovya kijiko, nikaonja. Sikuipenda. Lakini mbao ilikuwemo. Nikashindwa kuimwaga. Nikakilainisha kizibo, nikakirudisha, nikayeyusha ile nta, nikailaza kwenye vigoda vyake. Sikujua kama nimeshaiua."

Mnusaji alikuwa anamtazama mzee kwa mdomo wazi.

"Ni pipa, baba," akasema mwisho. "Mvinyo ule ulilala kwenye pipa la mbao kabla ya kutiwa kwenye chupa. Pipa likitengenezwa linawashiwa moto ndani. Watu wanafundishwa muda mrefu sana ndipo wanaisikia ile harufu. Mimi mwenyewe nilichelewa."

Baba akamtazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Limefungwa kwa msumari, hilo pipa?"

"Halina msumari, baba. Wala gundi. Mbao zinabanana zenyewe, zinafungwa mkanda wa chuma nje."

"Bila gundi, na halivuji?"

"Halivuji."

"Huyo ni fundi," baba akasema, kama anajiambia mwenyewe. "Huyo ni fundi kweli."

Mjomba akapumua. "Alhamdulillahi, Bwana asifiwe, vyovyote mnavyosema hapa. Basi yameisha. Tule."

"Hayajaisha," Sindano akasema.

Sauti yake ilikuwa tulivu, na ndiyo iliyowashtua watu zaidi. Alikuja mpaka mezani, akakiweka kile kizibo mbele ya Mnusaji.

"Baba nimemsamehe kabla hajafungua mdomo. Sasa nazungumza na wewe. Uliniachia zawadi, au uliniachia mlinzi?"

"Sindano, mimi..."

"Nijibu hilo tu."

Mnusaji angeweza kusema zawadi. Watu wote pale wangemkubalia, na kuku angeliwa.

"Nilipokuletea ilikuwa zawadi," akasema. "Nilipofika kule, usiku mwingine, naambiwa maneno ya huyo wa vitambaa... ikageuka. Nikawa najiambia, nikikuta nta ni nzima, basi na mengine ni mazima."

Shangazi akaguna. Mkunga akamtazama mwanawe kama hamjui, uso umemwanguka. Yeye alikuwa amefikiri ni ulimi tu ulioteleza.

Sindano akatikisa kichwa taratibu. Machozi yalikuwa yamekuja lakini hayakushuka, yamesimama tu.

"Nilikuletea chupa mikononi. Nikakuinulia uso. Ulitazama mdomo wa chupa kabla hujanitazama mimi. Muda wote ule, nakungoja, nalala na mkono sakafuni, na wewe ukanipita ukaenda kukagua nta."

"Ni kazi, nimezoea. Chupa ikija mezani kitu cha kwanza ni..."

"Mimi si chupa."

Sindano akakisogeza kile kizibo karibu naye.

"Chupa haiwezi kusema ilikuwaje. Ndiyo maana unaitazama rangi, unainusa, unakisoma kizibo. Mimi nina mdomo. Ungeniuliza, 'Ulikuwa unaendeleaje?' Ningekwambia yote. Ningekwambia na huyo wa vitambaa alisema nini, na nilimjibu nini, ukacheka."

"Ulimjibu nini?" mjomba akauliza, na safari hii hata dada yake hakumkanyaga, maana naye alitaka kujua.

"Nilimwambia nina chupa."

Shangazi akaziba mdomo kwa kiganja. Sijui kama alikuwa analia au anacheka, na nadhani na yeye hakujua.

Mnusaji akaishika ile glasi. Kabla mtu hajamzuia akanywa, funda zima, siki ile kali, mpaka macho yakamtoka maji na koo likapiga kelele.

"Wewe utajichoma tumbo," mama yake akasema.

"Acha linichome." Akajifuta mdomo kwa nyuma ya mkono. Akaizunguka meza, akaja akasimama, si mbele ya Sindano, mbele ya baba yake kwanza. "Baba, nilimuuliza mwanao neno baya nyumbani kwako, mbele yako. Naomba radhi mbele yako." Akamgeukia shangazi. "Shangazi, umelea mtu, nikamuuliza kama mwizi. Naomba radhi." Akamgeukia mama yake na mjomba. "Na nyinyi nimewaleta hapa kuja kuaibika. Naomba radhi."

Ndipo akamgeukia yeye. Hakumshika mkono. Alimtazama tu, na safari hii hapakuwa na kitu kingine anachokitazama, alimtazama kama mtu anayesoma taratibu asiruke neno.

"Ulikuwa unaendeleaje?" akamuuliza.

Yale machozi yaliyokuwa yamesimama yakashuka yote kwa mpigo, na Sindano akakasirika kwamba yameshuka mbele yake.

"Vibaya," akasema. "Nilikuwa naendelea vibaya."

"Nieleze."

"Sikuelezi sasa hivi. Nimekasirika."

"Nitangoja."

"Utangoja sana."

"Wewe uliweza."

Sindano akageuka, akaichukua chupa mezani, akaenda nayo jikoni bila kuaga. Walioko sebuleni wakabaki wanatazamana. Mjomba akanong'ona, "Ameenda kuimwaga, au ameenda kuchukua kisu?"

Wakasikia ubao wa kukatia. Tak, tak, tak, upesi, kwa hasira. Harufu ya kitunguu ikaja. Baadaye kidogo akatoka na bakuli kubwa la vitunguu na nyanya, vimekatwa vyembamba kama karatasi, na juu yake vinang'aa wekundu wa kahawia. Akaliweka katikati ya meza.

Mnusaji akanusa bila kujijua. Kila mtu akamwona ananusa. Akaona haya, akajikuna pua.

"Sema tu," Sindano akamwambia. "Najua unataka kusema."

"Ni siki nzuri," akasema kwa sauti ya chini. "Ni siki nzuri sana. Mbao bado imo."

Baba akalivuta bakuli kwake, akachukua kipande cha kitunguu kwa vidole, akakitia kinywani, akatafuna akitazama dari. Watu wote wakamngoja.

"Imo," akasema.

Shangazi akainuka kuleta kuku na wali na viazi, na mkunga akainuka kumsaidia bila kuombwa, wakapishana mlangoni, mmoja akimwambia mwenzake, "Dada, usinyanyue hilo, lina moto." Sahani zikapangwa. Moja, mbili, zikazunguka, kila mtu na yake. Mbele ya Mnusaji pakabaki kitambaa cheupe kitupu.

Shangazi akamtazama binti. "Na huyu?"

Sindano alikuwa na sahani ya mwisho mkononi. Aliishikilia kidogo, akiwa ameikumbatia vilevile alivyokuwa ameikumbatia chupa. Mjomba akaacha kijiko hewani. Mnusaji hakuomba. Alisimama tu nyuma ya kiti chake, mikono kwenye egemeo, anamtazama.

Akaenda mpaka mwisho wa meza, kwenye nafasi yake mwenyewe, akasogeza sahani yake pembeni, akaiweka ile nyingine karibu nayo. Halafu akavuta kiti kwa mguu.

"Kaa hapa," akasema. "Na usininuse."

"Sikunusi."

"Unanusa."

"Ni kitunguu," Mnusaji akasema, akakaa, na baba akampa kijiko cha kupakulia, na wote wakala.